Adabu ya Mtalii, Kutoka Asakusa hadi Katuruka

Katika Kijapani lipo neno haikan, ambalo hutumika kwa aina moja tu ya kutazama, nayo ni ile ya mtu anayeinamisha kichwa mbele ya kitu kitakatifu kabla ya kukiinulia macho. Fedha anayotoa mtalii langoni mwa hekalu huitwa haikanryō, yaani ada ya kutazama kwa heshima, na watawa wa Kibudha hawakubali ifananishwe na kiingilio cha uwanja wa mpira wala cha makumbusho. Ubishi juu ya jambo hilo huweza kuonekana kuwa wa maneno matupu, lakini katikati ya miaka ya 1980 uliufanya mji wa Kyoto ufungiwe malango ya baadhi ya mahekalu yake mashuhuri, na kwa wakazi wa Bukoba na Muleba, mkoani Kagera, Tanzania, ambako mahali patakatifu pa mababu pameanza kuonyeshwa wageni, ni ubishi unaostahili kufuatiliwa kwa makini.

Mnamo Julai 1985 mamlaka ya mji wa Kyoto ilianza kutoza yeni 50 kwa kila mtu mzima aliyeingia katika mahekalu yanayopokea watalii, kwa maelezo kwamba mji wa kale hautunzwi bila fedha, na kwamba aliyekuja kutazama bustani na sanamu ni mtalii, basi na alipe. Mahekalu yalijibu kwamba kila avukaye kizingiti, awe anasali au anapiga picha, amekuja kuhiji, na kwamba dola ikishaanza kuwatoza kodi mahujaji itakuwa imetia mkono ndani ya dini. Baadhi ya mahekalu makubwa, likiwamo la Kiyomizu-dera na lile la Kinkaku-ji ambalo kuta zake zimefunikwa kwa dhahabu nyembamba kama karatasi, yaliwafungia watalii malango, wenye hoteli na maduka ya zawadi wakalia njaa, na baada ya mivutano ya karibu miaka mitatu kodi ile ikaondolewa mwaka 1988. Mahekalu yalishinda, ingawa msomaji mwenye jicho kali atauliza, na ana haki ya kuuliza, kama kilichokuwa kikitetewa ni utawa au ni kisanduku cha ada.

Mgeni kutoka Afrika Mashariki anayefika Japani hukutana na nyumba za ibada za aina mbili, ambazo Kiswahili kwa uvivu kidogo huziita zote mahekalu. Ya kwanza ni hekalu la Kibudha, ambalo jina lake aghalabu huishia kwa -ji au -dera. Ya pili ni jinja, yaani mahali pa ibada ya Kishinto, dini ya asili ya Wajapani, ambayo mizimu yake, iitwayo kami, hukaa katika milima, katika maporomoko ya maji, na katika miti mikubwa inayofungwa kamba nene ya majani ya mpunga ili kila apitaye ajue kwamba mti ule una mwenyewe. Mhaya, mwenyeji wa Bukoba na Muleba, hahitaji maelezo marefu ili aielewe jinja, kwa kuwa dini ya mababu zake nayo iliwagawia Wamara, Irungu, Mugasha na wenzao enzi zao, Irungu akiwa bwana wa mapori na Mugasha bwana wa ziwa na tufani, na wote hao walikuwa na vibanda vyao, miti yao, na embandwa wao, yaani watu ambao mizimu huwapanda kichwani na kusema kwa vinywa vyao.

Hekalu mashuhuri kuliko yote kwa watalii mjini Tokyo ni la Kibudha, nalo ni Sensō-ji, katika mtaa wa Asakusa. Kwa masimulizi ya hekalu lenyewe, lilianza mwaka 628, pale ndugu wawili wavuvi waliponasa katika wavu wao, kwenye Mto Sumida, sanamu ndogo ya Kannon, ambaye Wabudha humwomba awaonee huruma. Mgeni huingia kwa lango la Kaminarimon, chini ya taa nyekundu ya karatasi yenye kimo cha meta 3.9 na uzito wa kilo 700 hivi, hupita kati ya maduka ya zawadi kwa takriban meta 250, kisha husimama penye chetezo kikubwa ambako watu hujipepea moshi wa ubani kichwani, au kwenye goti linalouma. Anayetaka kujua bahati yake hutumbukiza yeni 100 kisandukuni, hutikisa kopo la chuma mpaka kijiti chenye namba kichomoze katika tundu dogo, hufungua droo yenye namba ileile, na kutoa karatasi moja. Ikiwa karatasi ni ya balaa, na hekalu hili linajulikana kwa kutokuwa na choyo katika kugawa balaa, huikunja na kuifunga kwenye waya uliowekwa hapo kwa kazi hiyo, akaiacha na kwenda zake. Muda wote huo hakuna anayemuuliza dini yake.

Jambo ambalo watalii wengi huondoka bila kulitambua ni kwamba ile sanamu iliyonaswa na wavuvi haionyeshwi kwa mtu yeyote, kwa kuwa ni miongoni mwa sanamu ambazo Wajapani huzisitiri daima, na utakatifu wake umo katika kusitiriwa huko. Jumba lililoisitiri kwa karne kadhaa liliteketea kwa mabomu ya Machi 1945, na hili linalopigwa picha leo, lililokamilika mwaka 1958, ni la zege. Mamilioni ya watu, basi, huenda Asakusa kila mwaka kutazama kitu wasichoonyeshwa, ndani ya jengo ambalo lina umri mdogo kuliko babu zao, na hurudi wameridhika. Kinachowaridhisha ni mwenendo wa waliopo: ajuza anayenawa mikono kwa upawa kabla ya kupanda ngazi, mtawa anayemwandikia msafiri jina la hekalu kwa brashi na wino mweusi juu ya mihuri myekundu, na watu waliosimama kimya mbele ya pazia kana kwamba pazia halipo. Ni mwenendo huo, kuliko sanamu au jengo, unaoipa maana yake pia safari ya Maruku, karibu na Bukoba.

Katuruka ni kijiji cha Maruku, kusini mwa mji wa Bukoba, kilichozama ndani ya vibanja, yaani mashamba ya migomba iliyochanganywa na mibuni, ambayo huizunguka kila nyumba ya Mhaya na ambamo ndimo ukoo huzika wafu wake. Kijijini humo, mahali panapoitwa Kaiija, jina linalofasiriwa kuwa pahali pa kufulia chuma, paliota mti mkubwa ambao wazee waliuhusisha na Rugomora Mahe, Omukama wa Kyamutwara (omukama ndiye mtawala katika falme za Wahaya), ambaye hukadiriwa kutawala katika karne ya 17. Inasimuliwa kwamba mtawala huyo, akitamani kujua mbinguni kuna nini, aliwakusanya wahunzi wamjengee mnara wa chuma wa kumfikisha huko, na kwamba mnara uliporomoka kabla haujafika.

Masimulizi ya aina hiyo yangeweza kuachwa yawe hadithi ya jioni, lau mwaka 1969 na 1970 mwanaakiolojia Mmarekani, Peter Schmidt, asingeyachukulia kuwa ramani. Akiongozwa na wazee, alichimba penye mti ule, akakuta mabaki ya kazi ya chuma pamoja na mkaa ambao vipimo vya kaboni viliupa umri wa kukaribia miaka 2,500, maana yake ni kwamba habari za mfalme wa juzi zilikuwa zimepandikizwa juu ya kumbukumbu kongwe mno, na kwamba jina la mahali lilikuwa limehifadhi ukweli ambao hakuna maandishi yaliyouhifadhi. Katika miaka iliyofuata, wazee wa Buhaya ambao ujanani mwao waliona au walifanya kazi hiyo walijenga upya tanuri kwa udongo wa kichuguu, wakaunguza majani ya bwawani na kuyalaza chini yawe tandiko la mkaa, kisha wakaisukuma mirija ya udongo hadi ndani kabisa ya tanuri, ili hewa inayopulizwa na mivukuto ya ngozi ipate joto ndani ya mirija kabla haijaufikia moto. Schmidt na mtaalamu wa metali Donald Avery walichapisha matokeo hayo katika jarida la Science mwaka 1978, na tangu hapo wataalamu wengine wamebishana nao kuhusu ukubwa wa joto na upekee wa mbinu yenyewe. Ubishi huo ni haki ya wataalamu, lakini kwamba chuma kilitoka tanurini, na kwamba kilitoka kwa akili ya wazee wenyewe, halibishaniwi.

Mti wa Kaiija leo haupo, na kutoweka kwake hakuwezi kutupiwa watalii, kwa kuwa watalii walikuwa bado hawajafika. Mahali pa aina ile hapakulindwa kwa ukuta, palilindwa na watu wenye kazi ya kupalinda, wahudumu walioshikilia ardhi na heshima kutoka ikulu ili wafagie, watunze miiko, na watimize yanayopasa mwezi uandamapo. Mapadre wa shirika la White Fathers, waliofungua misheni ya Kashozi mwaka 1892, waliwafundisha waumini wao kwamba mambo ya embandwa ni ya kuachwa, na wengi waliyaacha. Mwaka 1963 Serikali ya Tanganyika ilifuta utawala wa machifu, na zile kazi za ikulu zikabaki bila mwenye kuzitoa wala mwenye kuziulizia. Kisha likaja pigo ambalo lilianza Kagera kabla ya mikoa mingine, kwani wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini waligunduliwa mkoani humu mwaka 1983, na katika miaka iliyofuata watu wazima ambao wangepokea masimulizi kwa wazee na kuyapitisha kwa wajukuu walizikwa na wazee wao wenyewe. Mti unaweza kuwa umefikwa na shoka au na uzee. Kabla ya hapo ulikuwa umekwisha kufiwa.

Kinachoifanya Katuruka istahili kuandikwa ni kwamba waliorudi kuikomboa ni wanakijiji. Karibu na mwaka 2008 waliunda kamati, wakaanza kuwahoji wazee waliobaki, wanaume na wanawake, na baadaye wakaisimamisha tena nyumba ya msonge ya Buchwankwanzi, ambayo kwa masimulizi ilikuwa ya Rugomora Mahe, yaani ile nyumba ya mviringo iliyoezekwa nyasi kutoka kileleni hadi karibu na ardhi, yenye mlango ambao mtu mrefu hana budi kuuinamia. Hapo ndipo mgeni mjuaji huuliza swali lake la kawaida: nyumba hii ni ya kweli au ni ya kuigiza?

Wajapani wana jibu la swali hilo, tena la kale. Jinja kuu ya Ise, ambayo ndiyo takatifu kuliko zote za Kishinto, hujengwa upya kila baada ya miaka 20 kwa mbao mpya kwenye kiwanja cha pembeni, kisha ile ya zamani hubomolewa, na mara ya mwisho kufanyika hivyo ilikuwa mwaka 2013. Kinachohesabiwa kuwa cha kale ni ufundi wa maseremala na utaratibu wa kazi, na mbao hazina fahari ya umri. Katika mji wa Nara, Novemba 1994, wataalamu wa urithi wa dunia walikubaliana katika waraka unaojulikana kwa jina la mji huo kwamba uhalisi wa mahali hauwezi kupimwa kwa kipimo kimoja cha mawe ya Ulaya, na kwamba kila utamaduni una haki ya kueleza ni nini kwake kilicho halisi. Waraka huo haukuandikwa kwa ajili ya Wahaya, lakini nyumba ya nyasi inahitaji kuezekwa upya kila baada ya miaka michache, na kama uhalisi ungekuwa katika nyasi, Buhaya isingekuwa na nyumba halisi hata moja tangu kuumbwa kwake.

Ng'ambo ya mpaka wa Mutukula, nchini Uganda, mambo hayo yalijaribiwa kwa moto. Makaburi ya wafalme wa Buganda yaliyoko Kasubi, Kampala, yamo ndani ya Muzibu Azaala Mpanga, jumba la nyasi lililojengwa mwaka 1882 na Kabaka Mutesa wa Kwanza, ambaye alizikwa humo mwaka 1884, na baada yake wakazikwa makabaka wengine watatu. Wageni walikuwa wakivua viatu, wakikaa kwenye mikeka, na kuelezwa kwamba nyuma ya pazia la magome ya mti, lile vazi ambalo Wahaya huliita orubugo, kuna msitu ambako wafalme hawajafa bali wametoweka. Mwaka 2001 UNESCO iliyaingiza makaburi hayo katika orodha ya urithi wa dunia, na usiku wa tarehe 16 Machi 2010 jumba lote liliteketea. Japani, kupitia mfuko wake ndani ya UNESCO, iligharimia msaada wa kitaalamu kwa ujenzi mpya na kwa kinga dhidi ya moto, na mwaka 2023 makaburi hayo yaliondolewa katika orodha ya urithi ulio hatarini.

Msaada huo ulikuwa na sababu iliyo karibu na moyo wa Wajapani. Tarehe 26 Januari 1949 moto uliunguza michoro ya ukutani katika jumba kuu la hekalu la Hōryū-ji, ambalo ni miongoni mwa majengo ya mbao ya kale kuliko yote duniani, na Julai 1950 mtawa kijana alilichoma kwa makusudi lile hekalu la dhahabu la Kinkaku-ji, ambalo lilijengwa upya mwaka 1955, na ndilo wageni hulipangia foleni leo. Sheria ya kulinda mali za utamaduni ilitoka mwaka huohuo wa 1950, na tarehe 26 Januari imekuwa siku ya mazoezi ya kuzima moto katika mahekalu ya nchi nzima. Kwa nyumba ya msonge iliyo kijijini, mbali na zimamoto, pipa la maji lililojaa na ngazi ya kufikia paa ni vitu vya lazima kabla ya kibao cha kukaribisha watalii.

Hata hivyo kuna jambo ambalo Asakusa haiwezi kuifundisha Katuruka. Njia ya Sensō-ji ni ya kila mtu, lakini anayekwenda Kaiija huingia katika kibanja, na kibanja kina mwenyewe, na mara nyingi kina makaburi ya baba na babu wa huyo mwenyewe chini ya migomba. Kwa desturi ya Wahaya, aliyeingia kibanjani ni mgeni kabla ya kuwa kitu kingine chochote, naye hupokewa kwa salamu zisizo na haraka na kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, ambayo huvunwa kabla haijaiva, ikachemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri na kukaushwa. Mgeni hupewa punje chache kiganjani, huziweka shavuni, na mazungumzo huanza. Punje zizo hizo ndizo zilizotumiwa zamani watu walipochanjana na kuwa ndugu wa damu, kwa hiyo anayezikataa kwa kuogopa uchungu wake atakuwa amekataa kitu kikubwa kuliko kiburudisho. Utalii wa mabasi, ambao hushusha watu 40 kwa dakika 20, hauna nafasi ya kahawa hiyo, na kama Katuruka itachagua kati ya mabasi na kikapu, ni heri ibaki na kikapu.

Wajapani wenyewe, ambao mwaka 2024 walipokea wageni zaidi ya milioni 36 kutoka nje, wamelazimika kupunguza kasi ya kupokea wageni katika baadhi ya mahali pao. Saihō-ji, hekalu la Kyoto linalosifika kwa bustani yake ya kuvumwani, iliacha mwaka 1977 kupokea kila ajaye, na tangu hapo mgeni huomba nafasi mapema, kisha akifika huketi kwanza na kunakili kwa mkono maneno ya sutra, yaani andiko takatifu la Kibudha, ndipo huruhusiwa kuzunguka bustani. Ada yake ni kubwa kuliko ya mahekalu mengi, na hakuna anayelalamika kuwa ameibiwa. Kaiija haina sutra, lakini ina masimulizi ya mnara wa chuma, na mgeni akisikilizishwa masimulizi hayo kutoka mwanzo hadi mwisho, kutoka kwa mzee wa mahali pale, kabla hajatoa simu yake kupiga picha, atakuwa amelipa sehemu ya ada ambayo haihesabiwi kwa shilingi.

Bukoba mjini kuna mahali pengine ambapo mhujaji na mtalii hukutana, nalo ni Kanisa Kuu la Jimbo Katoliki, ambamo mwaka 2012 ulihamishiwa mwili wa Laurean Rugambwa, mzaliwa wa Kamachumu, Muleba, aliyefanywa kardinali na Papa Yohane wa 23 mwaka 1960, Mwafrika mweusi wa kwanza kupewa daraja hilo katika nyakati hizi. Huko hakuna utata mwingi: waumini wapo, misa zipo, na mgeni asiyejua la kufanya huwatazama walio mbele yake na kufanya kama wao. Hilo ndilo ambalo Kaiija ililikosa kwa miongo kadhaa, watu wa mbele ambao mgeni angewaiga.

Kuhusu fedha, walioshindana Kyoto walibishania jina la ada na kulifanya kuwa jambo la imani, ilhali kijijini swali ni jepesi zaidi na gumu zaidi: nani anaipokea, na inaandikwa wapi? Ada ya Kaiija inayofika kwa mwenye kibanja, kwa mwezekaji wa nyasi, na kwa mzee anayesimulia ni sadaka ya haki, hata kama aliyeitoa hana imani yoyote na mizimu ya Kyamutwara. Ikiishia mfukoni mwa wakala wa mjini, Katuruka itakuwa imegeuzwa kiwanja cha maonyesho, na wanakijiji watakuwa na sababu njema ya kufunga njia kama mahekalu ya Kyoto yalivyofunga malango.

Safari ya Maruku kutoka mjini ni ya nusu siku. Anayekwenda avae viatu visivyoogopa matope, awe na noti ndogo ndogo, amsalimu kwanza mwenye kibanja, aipokee kahawa kwa mikono miwili, na asiulize mti uko wapi mpaka masimulizi yatakapomfikisha hapo.